Nukta, Mishale na Daraja la Kyaka

Watu wengi hudhani ya kuwa hesabu ni tarakimu tu. Sivyo. Iko hesabu ifanywayo kwa picha za nukta na mistari, nayo ina historia yake.

Katika mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad katika Urusi, palikuwa na madaraja 7 yaliyounga sehemu 4 za nchi kavu. Wenyeji waliulizana: Je, mtu aweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Mwaka 1736 Leonhard Euler alionyesha ya kuwa haiwezekani. Hakupima urefu wa daraja wala upana wa mto. Aliangalia tu ni madaraja mangapi yafikayo kila sehemu. Waliomfuata waliichora habari hiyo kwa nukta na mistari.

Mwaka 1945, huko Marekani, Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane walitoa nadharia ya kategoria. Hapo mstari umekuwa mshale wenye mwanzo na mwisho.

Na tutwae mfano wa kwetu. Chora nukta 4: Rwamishenye, ukingo wa kusini wa mto Kagera pale Kyaka, ukingo wa kaskazini, na Mutukula. Mshale wa kwanza ni barabara, wa pili ni daraja, wa tatu ni barabara tena. Sheria zake ni chache. Mshale ukiishia pale mwingine uanzapo, hiyo miwili huungwa kuwa mmoja. Ukiunga kwanza ule wa kwanza na wa pili, au ukianza na wa pili na wa tatu, safari nzima ni ile ile. Tena kila nukta ina mshale wa kukaa pale pale, ambao ukiungwa na mwingine hauubadili.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliiteka nchi iliyo kaskazini ya mto, na mwezi wa Novemba wakalivunja daraja la Kyaka. Barabara zote mbili zilibaki, lakini hazikuungika tena, kwa maana mwisho wa moja haukuwa mwanzo wa nyingine. Watu wa ng'ambo walitengwa na ndugu zao. Iliwapasa askari wa Tanzania kuweka daraja la muda ndipo wavuke.

Basi, msomaji, uonapo picha za namna hii usiangalie nukta peke yake. Uulize: Mshale huu waanzia wapi, waishia wapi, na waungana na upi?