Hoteli za Chai za Lushoto: Historia Isiyo na Jalada

Anayetaka kuandika historia ya Lushoto kwa kutegemea vitabu na picha zilizohifadhiwa atajikuta ameandika historia ya nyumba za wageni za wazungu. Zimeandikwa. Zimepigwa picha. Vitabu vya kuwaongoza watalii vinaitaja The Lawns na veranda yake, vinaitaja nyumba ya Müller kule Migambo, na vinaeleza hewa ya baridi, maua na moto wa kuni jioni. Lakini muulize mzee wa miaka sabini mjini hapo kuhusu hoteli za zamani, naye hatakutajia hata moja kati ya hizo. Atakutajia mahali alipokunywa chai.

Katika Kiswahili chetu hoteli si lazima iwe na kitanda. Hoteli ni benchi, meza ndefu, kabati la kioo lenye maandazi, birika lililogeuka jeusi kwa moshi, na mtu anayejua unapenda chai ya maziwa au ya rangi kabla hujafungua kinywa. Hizo ndizo hoteli zilizotoweka Lushoto, Soni, Mlalo na Mombo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hazikufa kwa kukosa wateja. Zilikufa kwa maamuzi, mengi yakiwa yameandikwa kwa nia njema. Kwa kuwa hakuna aliyeyafuatilia maamuzi hayo mpaka mezani pa chai, tumebaki kudhani kuwa zilikufa zenyewe, kama mti uliozeeka.

Lakini tuanze mbali kidogo, kwa sababu katika milima ya Usambara chakula na utawala vimekuwa chungu kimoja tangu zamani. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, anasimulia jinsi Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, alivyowagawia Washambaa nyama na wao wakampa vyakula vya shambani, mpaka ugawaji huo ukazaa ujamaa, na ujamaa ukazaa ufalme wa Vuga. Nyama yenyewe ilikuwa ya nguruwe mwitu, jambo linalozua tabasamu leo katika milima yenye Waislamu wengi. Steven Feierman, aliyeandika kwa kina kuhusu ufalme huo, ameonyesha pia kwamba Washambaa waliwapima watawala wao kwa maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu alipokea kodi, mvua ikanyesha na watu wakala. Wafalme wenye kugombana walileta njaa.

Katika mpangilio huo msafiri hakununua chakula. Alikula kwa ndugu, kwa mtani, au kwa mtawala. Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 alipokewa kama mgeni wa Kimweri. Mtu asiye na ndugu, asiye na mtani na asiyejulikana kwa mfalme, huyo alikuwa na tatizo kubwa kuliko njaa.

Reli ndiyo iliyowaleta watu wa namna hiyo kwa wingi. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Pamoja na reli vilikuja vibarua, makarani, askari, wachuuzi na wapagazi wa mizigo ya kupanda mlimani, kwani Wilhelmstal, jina walilolipa Lushoto kwa heshima ya Kaisari wao, ilikuwa makao makuu ya wilaya na kimbilio la walowezi waliochoshwa na joto la Tanga. Kibarua aliyetoka mbali alikuwa na fedha mkononi lakini hakuwa na jiko. Chakula cha kununua kilianzia kwenye hitaji hilo.

Waingereza walipochukua nchi, Lushoto ilipata jina lake la leo na ikabaki mahali pa mapumziko. Gavana alikuwa na nyumba yake huko, na wenye mashamba ya mkonge walipanda kutoka bondeni kufuata ubaridi. Katika hoteli zao Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Sheria za vileo nazo zilimtenga na pombe kali ya chupa, akaachiwa dengelua ya miwa na pombe nyingine za kienyeji, ambazo nazo zilihitaji kibali. Nasisitiza jambo hili kwa wanafunzi wangu kila mwaka: ubaguzi wa rangi katika Tanganyika haukuwa na kelele kama ule wa Afrika Kusini, lakini ulijua vizuri nani akae wapi na ale nini.

Hoteli ya chai ilijitokeza katikati ya mambo hayo mawili, ukarimu wa ukoo usiowatosha wageni na hoteli ya mzungu isiyowataka. Katika miji midogo ya Tanga na bara yake wenye hoteli hizo walikuwa mara nyingi Washihiri, Wahindi wachache, na Waafrika wa pwani waliojua kukanda unga. Ndiyo maana chakula chake kilikuwa cha pwani katika nchi ya milimani: maandazi yenye iliki, chapati, sambusa, maharage ya nazi. Nazi ilipandishwa kutoka chini, maharage yalishushwa kutoka juu. Mshambaa aliyezoea makande na ndizi za nyumbani alionja Uswahili wa pwani akiwa amekaa kwenye benchi la hoteli.

Kilichokuwa kipya zaidi, hata hivyo, ni namna ya kukaa. Karani wa boma, fundi cherehani, dereva wa lori, mwalimu wa misheni na mkulima aliyekuja kesini walikaa meza moja, na aliyelipa senti zake hakuulizwa ukoo. Gazeti moja lilisomwa na mmoja kwa sauti na kusikilizwa na kumi. Mambo Leo lilianza kutolewa na serikali mwaka 1923, na miaka ya 1950 yakaja magazeti ya Kiswahili yenye ukali zaidi, kisha redio ikapandishwa juu ya kabati la maandazi na benchi likawa ukumbi.

Nisitie chumvi. Wapo wanaopenda kusema kuwa uhuru ulipikwa hotelini, na kauli hiyo hupendeza kwenye hotuba. Upinzani mkubwa wa Usambara dhidi ya ukoloni, ule wa kukataa kulazimishwa kulima matuta chini ya mradi wa Mlalo ulioanza mwaka 1946, uliota mashambani, miongoni mwa watu waliohofia kupoteza ardhi na nguvu kazi yao. Wengi wao hawakuwa na senti za kununulia chai kila siku. Kazi ya hoteli ilikuwa ndogo zaidi, nayo ilikuwa ya maana: aliyetoka Mlalo kufuata shauri lake Lushoto alikutana pale na aliyetoka Bumbuli kwa shauri kama hilo, na wote wawili wakagundua kuwa tatizo lao lina jina moja.

Sasa nifike kwenye vifo vyenyewe.

Chukua mahitaji ya hoteli ya chai: sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, majani ya chai, maziwa. Ukiacha maziwa, na pengine chai, kila kimoja kati ya hivyo katika miaka ya 1970 kilikuja mikononi mwa mwenye hoteli kwa kupitia shirika la umma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla ilihamia serikalini, na mikoa ikapata kampuni zake za biashara. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, na Wahindi wengi wakaanza kufunga virago nchini kote. Mwaka 1973 ikaundwa Tume ya Bei. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyofunga maduka ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji, ambayo mengi hayakuwa tayari.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyolenga kikombe cha chai. Lakini ziweke pamoja uone zinavyofanya kazi. Duka la jirani lililokuwa likimkopesha mwenye hoteli sukari mpaka mwisho wa wiki limefungwa. Sukari ya mgao inakuja kidogo, au haiji. Sukari ya magendo ipo, kwa bei mara kadhaa ya ile iliyotangazwa, ilhali mteja ni mwalimu au tarishi wa serikali ambaye mshahara wake haupandi kwa kasi hiyo. Mwenye hoteli ana njia tatu: auze chai bila sukari, avunje sheria, au afunge. Wengi walijaribu zote tatu, kwa mpangilio huohuo.

Kisha mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wengi wetu tunaikumbuka kwa heshima, hasa kwa sababu ya jina la Edward Sokoine, na walanguzi wakubwa walikuwepo kweli. Lakini kwa mtu wa hoteli gunia moja la sukari lililofichwa uvunguni liligeuka kutoka akiba na kuwa kielelezo mahakamani. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya Nguvukazi, na wachuuzi wa vyakula wakajikuta kundi moja na wazururaji. Mimi ni muumini wa mengi aliyoyataka Mwalimu, na siandiki haya kwa furaha. Naandika kwa sababu watunga sera wa leo wanaotangaza operesheni kwa simu ya asubuhi wanapaswa kujua kwamba operesheni hufika mahali ambapo haikutumwa.

Milango ilipofunguliwa tena, kuanzia bajeti ya mwaka 1984 na masharti ya mwaka 1986, sukari ilirudi lakini hoteli za zamani hazikurudi. Usafiri ulikuwa umebadilika. Treni ya abiria ya Tanga na Moshi ilidorora na hatimaye ikasimama. Iliporejea Desemba 2019, safari hii ikitokea Dar es Salaam, ilikuta watu wameshazoea basi. Basi la Lushoto huondoka alfajiri, na msafiri wake hula kwenye vituo vikubwa vya barabara kuu, chipsi na kuku, kwa dakika ambazo kondakta amezihesabu. Wamarekani walikuwa na hoteli za kuhudumiwa garini na wakaziita maendeleo. Sisi tulikuwa nazo siku zote: dirisha la treni pale Mombo, na baadaye dirisha la basi pale Soni, na mikono ya watoto ikiinua visahani vya plamu, mapeasi na mapera, chenji ikirushwa wakati gari limeshaanza kutembea. Hakuna aliyelipa kodi ya pango, na hakuna aliyekaa kuzungumza.

Kuhusu chai yenyewe nitasema neno moja tu, maana linaniumiza. Wakulima wa Bumbuli walilima chai kwa miongo mingi, na kiwanda chao cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 katika mgogoro wa umiliki. Kwa miaka kadhaa majani yalizeeka mashambani huku mitaani Lushoto watu wakinywa chai ya paketi iliyotoka kwingine.

Hapa lazima nijihoji. Niliposimulia habari za benchi na gazeti katika darasa moja, mwanafunzi wa kike aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: je, kwenye benchi hilo bibi yake angekaa wapi? Alikuwa sahihi. Katika kumbukumbu zangu zote za hoteli za Lushoto za utoto wangu, mwanamke yupo nje, ameshusha tenga la kabichi kichwani, anasubiri mumewe amalize chai. Aliyeubeba mlima wa mboga mpaka sokoni ndiye ambaye hakuwa na pa kukaa. Usawa ninaousifu ulikuwa usawa wa wanaume.

Ni mama lishe aliyelibadilisha hilo, bila azimio wala operesheni. Jina lake la zamani, mama ntilie, ni ombi la mteja mwenye njaa: mama, nitilie. Alianza na masufuria mawili na mkopo wa upatu, katika miaka ileile ambayo sheria ilimwona mzururaji. Leo sokoni Lushoto yeye ndiye mwenye hoteli, na wanawake waliotoka shambani hukaa kwake, hula wali na maharage, na huzungumzia bei ya viazi kwa sauti. Anayelilia hoteli za zamani bila kumtazama huyu analilia kiti chake mwenyewe.

Lakini mama lishe hana jengo. Ana kibanda, na kibanda huondolewa kwa barua ya siku saba au kwa tingatinga lisilo na barua. Kwa hiyo namwomba mtumishi wa halmashauri anayesoma hapa afanye jambo dogo. Tangu sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1972, kila hoteli ililipia karatasi, na Bwana Afya alikagua kila jiko na kuandika alichokiona. Vitabu hivyo mahali vilipo ni karatasi kuukuu zinazosubiri kuchomwa ili kupata nafasi ya kabati. Msivichome. Wanafunzi, nendeni navyo kwa wazee.

Na mkienda, jiandaeni kwa usumbufu nilioupata mimi. Nilimuuliza mzee mmoja jina la hoteli ya karibu na stendi ambapo baba alininunulia andazi la kwanza. Alikumbuka rangi ya mlango, jina la mpishi, na kwamba Ramadhani walitundika pazia la kanga mlangoni kwa ajili ya wasiofunga. Jina la hoteli hakulijua. Ubao ulikuwepo, alisema, lakini hakuna aliyekuwa akiusoma. Kila mtu aliiita kwa jina la mtoto wa mwenye hoteli. Kwenye daftari la leseni jina hilo halimo. Itabidi kutafuta kwa namba ya kiwanja.