Picha ya mgomba mgonjwa: kwa nini megapikseli nyingi hazitoshi

Mkulima wa Kiruruma akiona jani la mgomba linanyauka, siku hizi huchukua simu, akapiga picha na kumtumia bwana shamba au bibi shamba. Ni jambo jema. Kubeba kipande cha mgomba mgonjwa kutoka shamba moja hadi jingine kunaweza kueneza mnyauko bakteria, ugonjwa uliowafanya wakulima wengi wa Kagera kung'oa migomba yao. Picha haibebi ugonjwa. Tatizo ni pale inapofika ikiwa na ukungu, ingawa simu imeandikwa megapikseli 50. Hapa tunaeleza sababu.

Megapikseli ni nini?

Nyuma ya lenzi ya kamera kuna kihisi, kibamba kidogo kinachopokea mwanga. Kimegawanyika katika vidoti vingi vinavyoitwa pikseli. Megapikseli moja ni pikseli milioni moja. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli kama 4,000 upande mmoja na 3,000 upande mwingine. Ili ionyeshe vitu vidogo mara mbili zaidi, zinahitajika pikseli mara nne, yaani megapikseli 48, si 24.

Simu nyingi za megapikseli 48 au 50 huunganisha pikseli nne kuwa moja ili zipate mwanga wa kutosha. Kwa hiyo picha ya kawaida hutoka na megapikseli 12 hivi. Tena, kioo cha simu nyingi za bei nafuu kina pikseli 720 kwa 1,600, ambazo ni milioni moja na kidogo. Ukiitazama picha nzima kwenye kioo hicho, ya megapikseli 12 na ya 48 zitaonekana sawa. Tofauti hujitokeza unapoikuza kwa vidole.

Kwa nini sehemu nyingine ina ukungu?

Lenzi hulenga umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Kilicho mbele au nyuma ya hapo hupoteza ukali kidogo kidogo. Eneo ambalo jicho bado linaliona safi tunaliita kina cha ukali. Hutegemea lenzi, tundu lake na umbali. Ukiisogeza simu karibu sana na jani, kina hicho hupungua: ncha ya jani itaonekana safi, shina lake lina ukungu.

Megapikseli haziongezi kina hicho wala haziondoi ukungu. Zinaufichua tu. Ndiyo maana mwenye simu mpya anaweza kuikuza picha na kudhani kamera ni mbovu, kumbe simu ya zamani ilikuwa na ukungu uleule ila haikuweza kuuonyesha.

Faida yake iko wapi?

Megapikseli nyingi zinakuruhusu kurudi nyuma. Badala ya kubandika simu kwenye jani, rudi nyuma kidogo, kisha kata picha ubaki na sehemu unayoitaka. Ukiwa mbali kidogo kina cha ukali huongezeka, na pikseli zinazobaki bado zinatosha.

Unapopiga picha, fanya hivi:

- Futa lenzi kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole huharibu picha kuliko uhaba wa megapikseli.
- Piga mchana penye mwanga, na egemeza mikono ili simu isitikisike.
- Gusa kioo mahali penye dalili ili kamera ilenge hapo.
- Piga mgomba mzima, kisha jani, kisha ndizi iliyokatwa na shina lililokatwa.
- Panga uliyotumia, isafishe kwa Jik au ipitishe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.
- WhatsApp hupunguza picha. Chagua HD, au itume kama dokumenti.

Ndizi iliyooza kwa ndani na utomvu wa manjano unaotoka kwenye mkato ni dalili za mnyauko bakteria. Picha isipoonyesha mkato vizuri, mtaalamu atabaki kubahatisha, na wewe ndiye utakayeamua kung'oa au kuacha.