Dawa za kifafa

Dawa za kifafa humkinga mgonjwa asianguke kwa kutuliza seli za ubongo zinazorusha umeme kwa pamoja bila mpangilio. Hazing'oi chanzo cha ugonjwa. Kinga hudumu maadamu dawa imo mwilini. Nchini Tanzania hutumika zaidi fenobabitoni, fenitoini, kabamazepini na valproeti. Diazepamu ni ya dharura.

Zinavyofanya kazi

Seli ya neva hupitisha umeme kwa kufungua milango midogo kwenye utando wake. Fenitoini na kabamazepini hushika mlango wa sodiamu uliojifunga baada ya seli kurusha umeme, ukachelewa kufunguka tena. Seli inayorusha mfululizo ndiyo inayobanwa zaidi, ilhali zinazofanya kazi kwa kawaida huguswa kidogo, ndiyo maana mgonjwa anaweza kumeza dawa asubuhi na bado akaenda kupalilia migomba yake. Fenobabitoni na diazepamu huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo yenye kutuliza: ya kwanza huacha mlango wa kloraidi wazi kwa muda mrefu zaidi, ya pili huufanya ufunguke mara nyingi zaidi. Valproeti hutumia njia kadhaa.

Fenobabitoni

Kongwe na ya bei nafuu. Mwaka 1912 Alfred Hauptmann, daktari Mjerumani, aliwapa wagonjwa wa kifafa ili walale, akaona hata kuanguka kumepungua. Hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo dozi moja ya usiku hutosha. Huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliitumia kwa mafanikio makubwa miongoni mwa Wapogoro, ambao wagonjwa wao walikuwa wakiungua motoni na kutengwa kwa hofu ya kuambukizwa kwa mate.

Mkoani Kagera

Malaria kali ya ubongo huweza kumwachia mtoto kifafa, na wilaya ya Muleba ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa malaria mwaka 2006. Kagera ndiko pia UKIMWI ulikotambuliwa kwanza nchini, mwaka 1983. Hilo lina uzito kwa sababu fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini huchochea ini kuvunja dawa nyingine upesi, zikiwemo baadhi ya ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI) na vidonge vya uzazi wa mpango. Anayetumia kabamazepini hupewa dolutegravir, mojawapo ya ARV, mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Kwa hiyo mgonjwa wa kata ya Ijuganyondo, Bukoba, mwenye kadi mbili za kliniki, ya kifafa na ya UKIMWI, azionyeshe zote mbili kwa kila mhudumu.

Madhara

Usingizi, fizi kuvimba kwa fenitoini. Valproeti huweza kumlemaza mtoto tumboni. Kuacha dawa ghafla huweza kuleta kifafa kisichokatika, ambacho kinaweza kuua.