Honi ya Treni Inasikika?

Mwaka 1985, nikiwa na miaka kumi, baba alinitoa kwetu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kunipeleka Kampala kwa mara ya kwanza. Lori la kahawa lilitushusha Kasese jua likizama. Kabla hajatafuta chakula alitafuta pa kulala, na alimuuliza kila mwenye nyumba jambo moja kabla ya bei: "Mama, ukilala hapa, honi ya treni unaisikia?" Tulipata chumba nyuma ya stesheni. Baba alilala na viatu miguuni, treni isije ikatuacha.

Swali lake lilikuwa na asili. Kasese ni mtoto wa reli. Shaba ya Kilembe, bonde lililo jirani na mji huo, ilijulikana tangu mwaka 1906, msafara wa Mwitaliano mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi ulipopanda milima ya Rwenzori. Ila ilikaa ardhini nusu karne kwa kukosa njia ya kutokea. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilipofika Kasese, mgodi ukaanza kutoa mali, na shaba ikapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Wachimbaji walikaa katika nyumba za kampuni bondeni, kando ya Mto Nyamwamba. Wenye safari zao, waliobeba kahawa, pamba na chumvi ya Katwe, walilala uwandani karibu na stesheni. Bonde likawa la kazi, uwanda ukawa wa safari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ulisimama. Miaka ya 1990 treni ya abiria nayo ikanyamaza, na vitanda vya wasafiri vikahamia mabasi yanakoondokea. Mimi nauza vitenge, na kila nikienda Kampala nalala huko, kwa kuwa basi la alfajiri halimngoji mtu. Huku kwetu Bwera, stesheni yetu ni geti la mpaka la Mpondwe. Wanande kutoka Kongo, ambao lugha yao na yetu sisi Wakonzo ni karibu moja, hupanga vyumba upande huu wawahi soko asubuhi. Nikiwasikia wakiulizia chumba cha karibu na geti, namsikia baba.

Lakini Nyamwamba umenifundisha swali la pili, ambalo baba hakuliuliza. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto huo ulifurika, ukashuka na mawe na miti, ukabomoa makazi ya bondeni na kuharibu Hospitali ya Kilembe. Nyumba zilizojengwa karibu na kazi zilikuwa pia karibu na maji.

Basi, msafiri mwenzangu, ukishuka Kasese usianze na bei. Uliza chombo chako cha kesho kinaondokea wapi. Kisha, kabla hujalipa, uliza mto uko upande gani.