Mnara wa Bagamoyo, Bibi wa Makanisa ya Upare

Muulize Mkatoliki wa Msangeni, Upareni, nasaba ya kanisa lake, atakutajia Same, kisha Moshi. Ukizidi kumbana itabidi ateremke hadi pwani, Bagamoyo, kwenye mnara wa mawe ya matumbawe uliobaki bila kanisa lake.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Anton Horner, walifika Bagamoyo kutoka Unguja Machi 1868. Waliwakomboa watumwa kwa kuwanunua, wengi wao watoto, wakawaweka katika Kijiji cha Uhuru. Jina tamu hilo, ingawa maisha ya humo yaliendeshwa kwa kengele ya misheni. Aprili 1872 kimbunga kilibomoa majengo mengi, wakaanza upya.

Mnara unaoonekana leo ni masalio ya kanisa la mwaka huohuo wa 1872. Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa mpelelezi David Livingstone, waliufikisha hapo mwili wake, baada ya kuubeba miezi mingi kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Mskoti huyo, Mprotestanti, akalala usiku mmoja kwa Wakatoliki kabla ya kuvushwa Unguja. Mnara ukapewa jina lake. Waliombeba hawakupewa hata ngazi.

Nyumba ya mapadre, iliyoanzwa 1873 na kukamilika 1903, ina ghorofa na vibaraza vya matao: kivuli mchana, upepo wa bahari jioni. Kanisa kubwa la sasa, la mawe ya matumbawe pia, lilijengwa 1910 hadi 1914.

Wakati huo misheni ilikwishapanda mlima. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, pamoja na mapadre Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger, alifika Kilimanjaro, na misheni ya Kilema ikaanzishwa. Mwaka 1910, kanisa jipya likianza kujengwa pwani, Kilimanjaro ilikatwa kutoka Bagamoyo ikawa vikarieti inayojitegemea. Vikarieti hiyo baadaye ikawa Jimbo la Moshi, na kutoka Moshi ikazaliwa Same: mwaka 1963 kwanza kama mamlaka ndogo ya kitume, kisha jimbo kamili 1977. Upareni, ambako Walutheri na Wasabato ni wengi, mjukuu huyo ni mdogo kwa idadi. Bibi yake bado amesimama Bagamoyo, mwisho wa njia ya miembe, na watalii wanaopiga picha humuuliza habari za Livingstone tu.