Uzamili wa Ujasiriamali

Uzamili wa ujasiriamali na usimamizi wa biashara ni masomo ya chuo kikuu yanayofuata shahada ya kwanza. Usimamizi ndio uliotangulia: Harvard, Marekani, ilifungua shule yake ya biashara mwaka 1908. Ujasiriamali ulisubiri hadi 1947, Myles Mace alipofundisha hapo somo la kuanzisha kampuni mpya kwa wanafunzi 188, wengi wao wanajeshi waliorudi kutoka vitani. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia hufundisha ujasiriamali hadi uzamivu. Mwanafunzi wa uzamili husoma fedha, masoko na mbinu za utafiti, kisha huandika tasnifu. Shahada hiyo, hata hivyo, haileti mtaji. Benki bado hudai dhamana.