Jukwaa la Turkana Likiingia Kwenye Simu

Kutoka Mombasa hadi Lodwar ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na Kakuma iko mbele zaidi, karibu kilomita 120 kwenye barabara ya Lokichoggio. Hata hivyo, ngoma ya edonga ikirekodiwa leo Lodwar, usiku huohuo mtu wa Likoni aaweza kuitazama akiwa kwake. Naandika haya kwa sababu yanayowapata wasanii wa Turkana ndiyo yanayowapata wachezaji wetu wa vugo, chakacha na ngoma za Kimijikenda.

Tuanze na jukwaa lenyewe. Lodwar ndiko kunakofanyika tamasha la Tobong'u Lore, maana yake "karibu tena nyumbani". Huwakutanisha watu wa jadi moja, yaani jamii za Ateker: Waturkana wenyewe, Wakaramojong wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia. Kakuma nayo ni kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, ikaongezewa makazi ya Kalobeyei miaka ya katikati ya 2010. Humo mna Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Shirika la FilmAid limeonyesha filamu za hadharani huko tangu mwaka 2001 na kuwafundisha vijana kutengeneza zao.

Kisha ikaja mitandao. Tarehe 9 Juni 2018 mkutano wa TEDxKakumaCamp ulifanyika ndani ya kambi. Halima Aden, mwanamitindo aliyezaliwa humohumo, na mwalimu Mary Maker walizungumza, na hotuba zao zikatazamwa na watu wengi ambao Kakuma hawaijui hata kwenye ramani. Leo kijana hahitaji mkutano mkubwa. Simu yake inatosha kurekodi kichekesho, densi au wimbo na kuuweka YouTube, Facebook au TikTok.

Faida ya kwanza ni kwamba mchezo hauzimwi kirahisi. Mwaka 1977 serikali ilipoondoa kibali cha Ngaahika Ndeenda huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mchezo ulinyamaza. Aprili 2025 wasichana wa Butere walipozuiwa kuigiza Echoes of War walivyotaka kwenye tamasha la kitaifa Nakuru, nchi nzima iliufuatilia mkasa huo kwenye simu. Lakini sheria bado ipo: Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni, na kijana wa Lodwar mwenye kamera hana budi kuijua.

Hasara nayo ipo. Edonga ni duara la watu wanaoruka, mmoja huimba sifa za fahali wake na wengine humwitikia. Mchezo wa kuelimisha kijiji nao humtegemea mtazamaji anayesimama na kubisha. Ukikata sekunde thelathini, unabaki na kuruka tu. Fahali hayupo, wala jibu la umma halipo. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Nionavyo mimi, hatari ni msanii kuanza kutunga kwa ajili ya zile sekunde thelathini, akawasahau waliokaa mbele yake.

Kubwa zaidi ni malipo. Ili kupata pesa za matangazo YouTube, njia mojawapo ni kuwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kisha uthibitishe jina na anwani yako. Mchungaji wa mbuzi hana akaunti hiyo. Mkimbizi ambaye hati zake zimechelewa hupata shida hata kusajili laini ya simu. Kwa hiyo anayelipwa mara nyingi ni aliyeshika kamera, na aliyecheza huambulia kupigiwa makofi.

Sheria inampa mchezaji silaha, ila wachache wanaijua. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mtumbuizaji haki ya kukubali au kukataa utumbuizaji wake kurekodiwa na kutangazwa. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inataka jamii iombwe ridhaa kabla sanaa yake haijatumiwa kibiashara, na inazipa kaunti kazi ya kuweka sajili.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu, kwa Lodwar na kwa Kilifi vilevile. Kikundi kikubaliane na mpiga picha kabla ya ngoma kuanza, kwa maandishi, mapato yatagawanywa vipi. Jina la kikundi na la jamii liandikwe kwenye kila video. Na kila kikundi kiwe na akaunti yake, isimamiwe na kijana wa humohumo anayetoa hesabu mbele ya wenzake. Ofisi za utamaduni za kaunti nazo zifungue hizo sajili na kuwaeleza wazee kwa lugha yao. Video iliyokwisha kusambaa hairudishwi, lakini ile ya kesho bado iko mikononi mwa mchezaji.